Tulipe kupima, tusilipe tu kubadilisha



Leo tunataka kuongea juu ya kitu kimoja kinachokula feza ya nyumba zetu: demarere ya motokari. Mutu atasema: "Ile njo habari ya kuweka mu gazeti?" Ndiyo, ni habari. Ngojeni tuelezee.

Kila mutu wa kampi anaijua asubuhi ya namna hii. Ni mwezi wa sita, saa kumi na moja, baridi inauma. Papa anatoka nyumbani, buti miguuni, kaske mukononi. Anaingia ndani ya motokari, anazungusha ufunguo: tak! Kisha kimya. Anazungusha tena: tak! Posti inaanza saa kumi na mbili, na mulango wa kazi haungojee mutu. Mama anatoka na kitenge kiunoni, watoto wanatoka, jirani anatoka, wote wanataka kusukuma. Lakini motokari ni ya automatiki, kama nyingi zile zinatoka Japani na kuingia kwetu kwa njia ya Kasumbalesa. Ile haisukumwe hata mukusanyike kampi muzima. Papa anapanda taksi moto, anachelewa, siku yake inakatwa.

Hivyo njo ilifikia jirani yetu mumoja, mutu wa posti ya asubuhi. Saa ine asubuhi mama aliita kijana mekanisie. Kijana alifungua kapo, akasikiliza ile tak, akasema: "Mama, demarere imekufa. Tulete ingine." Mama aliuliza: "Iko hakika?" Kijana akajibu: "Mama, mi najua hii kazi." Feza iliyowekwa kwa ajili ya minervali ya watoto wawili ikatoka, demarere ya okazio ikanunuliwa, ikafungwa. Motokari ikawaka. Watu wote wakafurahi.

Siku tatu ilikuwa inawaka. Siku ya ine asubuhi: tak!

Safari hii papa aliita muzee mumoja aliyekuwa fundi wa umeme kazini zamani. Muzee hakugusa demarere. Alitosha mu mufuko apareyi ndogo ya kupima volti, ile tunaita multimetre. Alipima batri: nzima. Kisha akapima waya ya masi, ile inayotoka kwenye batri na kufungwa kwa chuma cha moteri. Ilikuwa imeliwa na kutu chini ya bulo yake. Akaifungua, akaisugua na karatasi ya msasa mpaka chuma kikangaa, akaikaza. Papa akazungusha ufunguo mara moja tu, moteri ikawaka.

Basi sababu gani motokari iliwaka zile siku tatu za kwanza? Muzee alielezea: "Wakati kijana alifungua na kufunga tena zile waya, ile masi ilijisukuma kidogo, ikapata kugusa. Kisha kutu ikarudilia kazi yake." Papa akauliza: "Na demarere yangu ya zamani iko wapi?" Kijana alienda nayo. Pengine ilikuwa nzima. Hatutajua tena.

Kampi muzima ulilia: "Mwizi! Wamekanisie wote ni wezi!" Hapa sisi hatukubali yote. Wezi wako, kama mahali pote. Lakini tuulize swali moja tu: papa na mama walilipa kijana feza ngapi ili apime? Hawakumulipa kitu. Na sisi wote tuko vile. Mekanisie akisema: "Nimepima, hakuna kitu cha kununua, nimesugua tu waya, munipatie kitu kidogo," tunamucheka. "Unalomba feza juu ya kusugua?" Lakini akija na demarere mukononi, tunalipa demarere na tunalipa mukono wake, bila neno. Sisi wenyewe njo tumemufundisha kwamba kupima hakuleti chakula. Ili ale, anapaswa kubadilisha kitu. Sasa tunashangaa kwamba anabadilisha!

Tuangalie namna tunafanya kazini. Mukanda wa kubeba mawe ukisimama, hakuna shefu anayesema: "Tupa moteri, leta ingine." Fundi wa umeme anakuja kwanza. Anakata umeme, anaweka kadena na etiketi yenye jina lake, anapima, anaandika. Kisha tu njo wanaamua. Sisi tunajua ile kazi. Tunaifanya kila siku kwa mashini ya watu wengine. Tukirudi nyumbani, tunaacha ile akili kule mulangoni pamoja na kaske.

Sasa tuonyeshe kwamba kupima demarere haiko kazi ya uganga. Mama anaweza, kijana wa miaka kumi na sita anaweza.

Kwanza, sikiliza. Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo, na mutu mumoja aangalie taa. Kama taa zinakufa karibu kabisa na unasikia tatatatata, demarere inalomba umeme lakini batri haina wa kuipatia. Batri imechoka, ao makosi yake yana kutu. Kama taa zinabakia na nguvu na unasikia tak moja kubwa tu, sasa unaweza kuanza kushuku demarere yenyewe. Kama taa zinabakia na nguvu na hakuna sauti hata moja, angalia kwanza fizibe na rele. Na kwa motokari ya automatiki, weka levie kwenye N ujaribu tena, kwa sababu mara ingine ni kile kikato cha levie kinachokataa. Kama demarere inalia vuuu lakini moteri haizunguke, meno ya pinyo ao fundo linaloishika yamekwisha.

Pili, pima. Batri iliyolala usiku bila kuguswa, kama ni nzima na imejaa, inaonyesha karibu volti 12,6. Ikionyesha 12 tu, iko karibu tupu, na usiseme neno juu ya demarere mbele ya kuijaza. Wakati ufunguo unazungushwa, volti zitashuka, ile ni kawaida, kwa sababu demarere ya motokari ndogo inakula zaidi ya ampere mia moja kwa mara moja. Lakini zikishuka sana chini ya 9,6, batri njo ya kwanza kushukiwa. Kwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba nguvu ya batri inapunguka, njo sababu ugonjwa unaonekana asubuhi, na saa sita ya muchana motokari inawaka kama hakuna kitu.

Tatu, pima njia. Weka ncha moja ya apareyi kwenye kichwa cha masi cha batri, ncha ingine kwenye chuma safi cha moteri, mwenzako azungushe ufunguo. Ukiona zaidi ya nusu ya volti, umeme unapotea njiani: sugua na kukaza. Fanya vile vile kutoka kichwa cha plus cha batri mpaka kwenye bulo kubwa ya demarere. Ile kazi ya dakika tano njo ingaliokoa minervali ya jirani yetu.

Kama njia ni nzima, batri ni nzima, na bado ni tak moja tu, basi ndiyo, demarere ni mugonjwa. Lakini mugonjwa haiko maiti. Ndani ya solenoide, kile kichwa kidogo kilicho juu ya demarere, muna vipande vya shaba vinavyogusana ili umeme upite. Ni shaba, ile ile tunachimba. Kila mara ufunguo unazungushwa, cheche inaruka pale na kula shaba kidogo kidogo, mpaka siku moja vinaguswa lakini umeme haupite. Na ndani ya demarere yenyewe muna makaa madogo, watu wa garaji wanayaita sharbo, yanayopunguka kwa kusuguliwa. Kwa demarere nyingi, vile vipande na yale makaa vinanunuliwa peke yake, kwa bei ndogo kuliko demarere muzima. Mutu anayekuambia mara moja "tulete ingine" amekurusha ile hatua. Muulize: "Papa, umefungua? Umeona makaa?"

Ikilazimu kubadilisha nyumbani, tunalomba wandugu wafuate sheria zile zile za kazini. Tunasema hivi na uchungu, kwa sababu tumeona watu wanalala chini ya motokari iliyosimamishwa juu ya kriki peke yake, ao juu ya matofari. Kriki ni ya kuinua, haiko ya kushikilia. Tofari linapasuka bila kutoa habari. Kama hauna vyuma vya kusimamishia motokari, usiingie chini. Peleka kwa mwenye kuwa navyo. Weka mawe makubwa kwa magurudumu yanayobakia chini, vuta frein ya mukono, tosha ufunguo na uweke mu mufuko wako mwenyewe. Kisha tosha masi ya batri mbele ya kugusa waya yoyote ya demarere, kwa sababu ile waya kubwa ina umeme wakati wote, hata motokari ikiwa imezimika. Masi njo inatoka ya kwanza, na njo inarudi ya mwisho. Ile njo kadena yetu ya nyumbani.

Na ile desturi ya kugusanisha bulo za demarere na turnevisi ili iwake, tuiache. Kama levie iko kwenye vitesi, motokari inaruka mbele, na mwenye turnevisi njo yuko mbele yake.

Kisha fungua waya kubwa na waya ndogo, fungua bulo zinazoshika demarere, na uishike vizuri kwa sababu ni nzito, isikuangukie usoni. Linganisha ya zamani na mupya: hesabu meno ya pinyo, angalia matundu ya bulo. Sugua mahali demarere inakaa kwenye moteri, kwa sababu kwa motokari nyingi masi yake inapita pale. Funga, kaza, rudisha masi. Moteri ikiisha kuwaka, pima batri tena: ikionyesha katikati ya volti 13,8 na 14,5 hivi, alternatere inaijaza vizuri. Isipofika pale, batri itakufa tena, na mutasingizia demarere mupya bure.

Wengine watatuambia: "Munataka kukatia vijana wa garaji chakula." Hapana. Tunataka wale chakula cha akili yao, si cha vitu vya okazio. Kijana anayejua kupima ni fundi. Kijana anayejua tu kubadilisha ni mubebaji, na sisi njo tunamubakiza mubebaji. Tumulipe kwa ajili ya jibu la kweli, hata kama jibu ni "sugua hii waya." Ile jibu ina bei kuliko demarere.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza: mbele kapo haijafunguliwa, musikilizane bei ya kupima peke yake, na muilipe hata kama hakuna kitu cha kununua. La pili: kila kitu kinachotoshwa kinabakia kwa mwenye motokari. Ukitaka kumupatia mekanisie demarere ya zamani, umupatie kwa mapenzi yako, kisha kuiona. La tatu: kila mutaa wa kampi ununue multimetre moja kwa likelemba. Feza ya demarere moja ya okazio inaweza kununua zaidi ya moja. Muiweke kwa mama mumoja anayeaminika, na vijana wetu, wanaume na wanawake, wafundishwe kuitumia na wazee wa umeme tulio nao hapa hapa.

Jirani yetu alilipa minervali mwezi uliofuata, kisha watoto kurudishwa nyumbani mara mbili. Yule muzee naye hakulomba kitu. Papa alitaka kumushukuru na chupa ya bia, lakini mama alikataa. Alimuhesabia feza mukononi, akasema: "Papa, hii haiko zawadi. Ni bei ya kupima."

Mama alielewa mbele yetu sisi wote.