Dang'a ni Haki ya Ndama

Katika Ugogo, kuanzia Mpwapwa hadi Bahi, ng'ombe ni mali na maziwa ni chakula. Si ajabu basi mtu mwenye vidonda vya tumbo akashauriwa aache dawa za hospitali, anywe dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Je, ushauri huo una msingi? Tulipime jambo hili kwa insafu.

Kwanza tukubali lililo kweli. Ndama huzaliwa karibu bila kinga, kwani kondo la nyuma la ng'ombe halimpitishii mtoto kingamwili za mama. Huzipata kwa dang'a, na ni lazima ainywe saa za mwanzo. Baada ya siku moja hivi utumbo wake hauzipokei tena. Ndani yake imo pia laktoferini, ambayo huwanyima bakteria madini ya chuma. Katika maabara, viini hivyo vimeonekana kumdhoofisha Helicobacter pylori, bakteria aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982. Huyo ndiye msababishi mkubwa wa vidonda vya tumbo, na huweza kuleta saratani.

Lakini chupa ya maabara si tumbo la mwanadamu. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Bangladesh, ambapo watoto wachanga walipewa kingamwili za dang'a ya ng'ombe waliochanjwa makusudi dhidi ya bakteria huyo. Hakutoweka. Ikiwa dang'a iliyoandaliwa hivyo ilishindwa, tutarajie nini kwa ile ya zizini?

Tena, anayeinywa mbichi hujitia katika hatari ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Akiichemsha, huganda, na kingamwili huharibika. Naye ndama aliyenyang'anywa haki yake huharisha na kufa, mali ikapotea.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha aende akapimwe. Akikutwa na bakteria huyo atapewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Azimalize zote, hata akipata nafuu mapema. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje hata siku moja. Maziwa na tuyanywe, yakiwa yamechemshwa, kwa kuwa ni chakula bora. Dang'a tumwachie mwenyewe.