Aibu ni ya mbakaji

Tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi wa serikali walivamia mji wa Fizi, mashariki mwa Kongo, wakapora na kubaka wanawake. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Baadhi ya mashahidi walizungumza wamefunika nyuso kwa vitambaa.

Kwa nini wajifiche wao? Aliyetendewa ndiye anayenong'onwa sokoni, na wapo waume wanaomrudisha mke kwao, eti amewatia aibu!

Februari 21, kamanda wa wanajeshi hao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Akiondolewa, umati ulimzomea. Ulifanya vyema: fedheha ilimfikia mwenyewe.

Sasa wazee wa ukoo na viongozi wa makanisa na misikiti wawakemee waume wanaowarudisha wake kwao, tena hadharani.