SHOKAPU HAIMJUI STAA! Acheni Kutupotosha kwa Ajili ya Kiki

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nimekereka, na nitasema.

Wiki iliyopita wote tuliiona ile klipu. Staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, ila mjini tunajuana) kavuta pikipiki mpya, zile kubwa za safari za kupita lami na vumbi. Siku ya kwanza picha hamsini. Siku ya nne kaingia laivu analia: ngumu kama gogo, kila tuta linamfika kiunoni, anataka hela yake irudi. Chawa wake wakadakia, eti pikipiki feki. Halafu yeye mwenyewe akatoa "dawa": punguza upepo kwenye tairi, utajiona uko kwenye sofa.

Mimi ile klipu niliirudia mara tatu. Pale kwenye dashibodi kuna kialama cha helmeti mbili na begi. Maana yake shokapu imesetiwa kubeba watu wawili na mizigo. Na yeye yuko peke yake, mwembamba kama stendi ya maiki! Itaachaje kuwa ngumu? Pikipiki haikuwa mbovu, ilikuwa inamsubiri abiria ambaye hayupo. (Huyo abiria wa jana yake alikuwa nani? Hiyo tuiache kwanza.) Kubonyeza kitufe tu, kesi imeisha. Ila kitufe hakileti kiki.

Najua wapo watakaosema "we naye, hiyo si burudani tu?" Sawa. Sasa sikiliza.

Nina mshkaji wangu anapeleka oda za chakula. Kadunduliza miaka mitatu, kanunua ya safari pia, ile ndogo, mpya kabisa. Ilikuwa inampiga kwenye matuta na rasta, basi akamsikiliza staa wake. Akatoa upepo mpaka tairi likalegea. Siku mbili baadaye, kwenye kipande cha vumbi huko Goba, tairi la mbele likaingia shimoni, rimu ikagonga kingo ya shimo ikapinda, tyubu ikapasuka, jamaa chini. Mkono umefungwa POP. Wiki sita hafanyi kazi na kodi ya chumba inamsubiri. Staa kapata watazamaji, mshkaji kapata POP. Hiyo burudani inamburudisha nani?

Upepo sio wa kubahatisha, jamani. Kila pikipiki ina kipimo chake kwenye kitabu. BMW R 1250 GS kwa mfano, ni bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma, kwa vipimo vya vijiweni kwetu ni kama 36 na 42. Unapima asubuhi tairi likiwa la baridi. Wanaopunguza ni wale wanaoingia kwenye mchanga, wanaenda taratibu, wakitoka wanajaza tena. Hakuna anayekimbia nalo hivyo barabara ya Bagamoyo.

Sasa hii ndiyo dawa yenyewe, na nyingi ni bure.

Kiwandani wanaseti kwa mtu wa uzito wa kati. Hawakujui wewe. Kwa hiyo anza na springi ya nyuma. Simamisha pikipiki tairi la nyuma likiwa hewani, pima na futi kutoka ekseli mpaka alama moja juu yake, pale kwenye mkia. Kisha ishushe, panda na helmeti na begi lako la kila siku, mshkaji apime tena. Tofauti inatakiwa iwe kama theluthi ya safari nzima ya shokapu. Ikiwa inatembea sentimita 20, wewe uzame kama 6 hivi. Ukizama kidogo sana, springi imekazwa kupita uzito wako, legeza. Ukizama sana, kaza. Na hapa wengi wanachapia: springi ikilegea mno nayo unaisikia ngumu, kwa sababu shokapu inafika mwisho na kugonga, du!

Kama yako ina zile skrubu ndogo za kuseti shokapu inavyobonyea na inavyorudi, zungusha "tik" mbili tu kwa wakati, nenda barabara ileile, rudi, andika. Ikichelewa sana kurudi, matuta yakifuatana inazidi kushuka na kuwa ngumu. Ikirudi haraka sana, inakurusha. Usiguse zote mbili kwa mpigo, hutajua ipi imekusaidia.

Na ikiwa mpya, ipe muda. Sili za shokapu za mbele zinakuwa bado zimebana, zinalainika kadiri unavyoendesha. Umefanya yote na bado inakupiga? Hapo sawa, kuna shokapu za bei rahisi kweli, na mashimo yetu hayana huruma. Nenda kwa fundi anayejua, akuwekee springi ya kilo zako. Sio fundi wa kushika simu ya kurekodi.

Kwa staa wetu: wala hatukuonei wivu, hela yako, pikipiki yako. Ila una watu wanaofanya unachosema. Ukikosea mashairi tunacheka. Ukikosea hili, mtu anavunjika. Ingia laivu tena, onyesha kile kialama, sema "nilichemka." Dakika moja tu. Mbona kulia ulilia dakika arobaini?

Wadau, nani kati yenu alifuata ile "dawa"? Dondosha komenti hapo chini, na kabla hujalala leo kapime upepo.