Panga masomo kwanza, tarehe ya MCAT ifuate

Na Zuhura Mbarouk

Kijana wetu anayesoma Marekani akishasema anataka udaktari, swali linalomfuata kila mahali ni moja: "Mtihani lini?" Anaulizwa kwa simu kutoka Tanga na Mombasa, anaulizwa harusini huko Minneapolis na Houston, tena mbele za watu. Akikosa jibu, anaonekana mzembe. Nawaomba wazazi wenzangu tuanze na swali jingine: umeshasoma masomo gani, na yapi yamebaki?

Tukumbuke kwamba utaratibu wa huko haufanani na wa kwetu. Tanzania, aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) akafaulu vizuri kidato cha sita huomba moja kwa moja nafasi ya shahada ya udaktari. Kenya, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo mlango. Marekani kijana husoma kwanza shahada ya miaka minne, na katika safari hiyo hufanya MCAT, mtihani unaosimamiwa na jumuiya ya vyuo vya udaktari, AAMC. Maswali yake hutokana na kozi za idara mbalimbali zinazochukua miaka miwili hadi mitatu, na kuzipanga kozi hizo ni jukumu la mwanafunzi mwenyewe.

Tangu mwaka 2015 mtihani huo una sehemu nne: kemia na fizikia ya viumbe, biolojia na biokemia, saikolojia na sosiolojia, na usomaji wa kuchambua hoja. Maswali ni 230 na muda wa kuyajibu ni saa sita na robo, mapumziko hayamo. Kikokotoo hakiruhusiwi. Kwa mujibu wa mwongozo wa AAMC, biokemia peke yake hubeba takriban robo ya maswali katika kila moja ya sehemu mbili za mwanzo nilizozitaja. Anayeingia ukumbini kabla hajaisoma anaacha alama nyingi mezani.

Na biokemia haiji mapema. Kwa kawaida hutanguliwa na mihula miwili ya kemia ogania, nayo hutanguliwa na mihula miwili ya kemia ya jumla. Mihula minne inakwisha kabla kijana hajaigusa. Aliyeanza kemia siku ya kwanza ya chuo ataifikia mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Huyo anaweza kufanya mtihani kati ya Machi na Mei mwaka huohuo wa masomo, akatuma maombi kuanzia mwisho wa Mei au Juni, na akikubaliwa ataanza udaktari mara tu baada ya kuhitimu. Aliyechelewa kuanza kemia kwa mwaka mmoja, ratiba yake yote imesogea mwaka mmoja, na kumshinikiza hakutaurudisha.

Shinikizo hilo lina gharama. Kijana anayetaka kufidia muda hujaza kemia ogania, fizikia na biolojia katika muhula mmoja, kila moja na maabara yake, huku usiku anafanya zamu katika nyumba ya kulelea wazee ili alipe kodi. Akipata C mbili, zitamfuata. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vya udaktari, hukokotoa wastani wa pekee wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Kozi ikirudiwa, alama ya zamani na mpya zote huhesabiwa. Kwa anayefanya kazi, kozi mbili za sayansi zenye maabara kwa muhula zinatosha kabisa. Nafasi inayobaki aweke saikolojia au sosiolojia, masomo ambayo wanasayansi wetu huyadharau ilhali yana sehemu nzima ya mtihani.

Wapo pia wanaokwenda MCAT "kujaribu tu". Nawasihi waache. Mtu anaruhusiwa kuufanya mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 katika miaka miwili mfululizo, na mara 7 maishani. Alama huanzia 472 hadi 528, na aliyerudia matokeo yake yote hupelekwa vyuoni, mabaya kwa mazuri. AAMC imetoa mitihani ya mazoezi ya urefu uleule. Hiyo ndiyo ya kujaribia.

Kuna wenye hali tofauti, nao wapange mapema zaidi. Aliyehitimu shahada Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi kisha akahamia Marekani ajue kwamba vyuo vingi vya udaktari vinataka kozi za msingi za sayansi ziwe zimesomwa Marekani au Kanada. Mwenye viza ya mwanafunzi asome masharti ya kila chuo kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa vingi havipokei asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Familia za wakimbizi kutoka Kongo nazo zifahamu kwamba AAMC ina mpango wa kupunguza ada kwa wenye kipato kidogo, na wakimbizi wamo. Lakini uombwe kabla ya kujiandikisha, maana ada iliyokwisha kulipwa hairudishwi.

Najua hoja ya upande wa pili. Umri unakwenda, mkopo unaongezeka, na wadogo zake wanasubiri. Hoja hiyo ni nzito na siibezi. Hata hivyo, mwaka mmoja wa kumalizia biokemia na kujiandaa ni nafuu kuliko miaka miwili ya kurudia mtihani na kutuma maombi upya. Tena zaidi ya nusu ya wanaoanza udaktari Marekani hukaa mwaka mmoja au zaidi baada ya kuhitimu kabla ya kuingia. Wahenga walisema kawia ufike, na hapa wamesema kweli.

Kijana unayesoma safu hii, chukua karatasi wiki hii. Andika mihula yako yote iliyobaki, panga kila kozi mahali pake ukianzia kemia ya jumla hadi biokemia, kisha nenda nayo kwa mshauri wa masomo wa chuo chako. Tarehe ya mtihani iandike mwisho, baada ya biokemia na baada ya miezi kadhaa ya maandalizi. Nawe mzazi, mwache aipange bila kumharakisha, na kama una uwezo msaidie kodi ya muhula mmoja ili apunguze zamu za usiku. Msaada huo utamsogeza kwenye udaktari zaidi kuliko kumuuliza kila wiki mtihani lini.