Fahali Wawili Kwenye Skrini

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wiki hii tuwatafute fahali hao ndani ya laptopu.

Chukua mwanafunzi wa Ifo, mojawapo ya kambi za Dadaab huko Garissa, iliyofunguliwa mwaka 1991. Mpango wa BHER, ulioanza 2013, uliwafikishia wakazi wa kambi hizo masomo ya vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi na York cha Kanada. Huko wengi hutegemea umeme wa jenereta au wa jua, kwa hivyo betri hutunzwa kama maji ya mtungi. Taa iliyo nyuma ya skrini ni miongoni mwa vitu vinavyoila sana. Kitufe cha kupunguza mwanga kikigoma, betri huisha kabla ya insha.

Mara nyingi skrini haina kosa. Kwenye laptopu ya Linux, taa hiyo yaweza kugombaniwa na draiva mbili. Ya kwanza, acpi_video0, hupitia programu iliyotiwa ndani ya mashine kiwandani. Ya pili, kwa mfano intel_backlight, huamrisha sehemu ya picha moja kwa moja. Kitufe kikimwagiza fahali asiyeshika taa, alama ya mwanga hupanda na kushuka, lakini taa haibadiliki.

Uchague yupi? Kwanza sasisha mfumo, kwani tangu toleo la 6.1 la Desemba 2022, Linux yenyewe hujaribu kubakisha draiva moja tu. Shida ikibaki, angalia majina yaliyomo katika folda ya /sys/class/backlight. Kisha washa mashine upya, na kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e. Mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux, ongeza acpi_backlight=native, halafu bonyeza Ctrl na x pamoja. Ikishindikana, rudia kwa kuweka video, kisha vendor, mahali pa native.

Usiogope: jaribio hilo ni la kuwasha mara moja tu. Ukizima, mambo hurudi yalivyokuwa. Ukimpata anayetii, ndipo umwandike kwa kudumu katika faili ya /etc/default/grub, na kwa watumiaji wa Ubuntu, umalizie kwa amri ya sudo update-grub.

Nawe mzazi wa mjini, kabla hujamlipa fundi skrini mpya, mwulize mwanao: fahali wamehesabiwa?