Jina la Mtoto Si Mali ya Skuli

Mjini Stockholm kuna uwanja wa matofali unaoitwa Stadion. Ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1912, na mpaka leo wanariadha wanakimbia na kuruka humo. Wanafunzi wawili walipita katika uwanja huo, wakiachana zaidi ya miaka mia moja. Mmoja alinyang'anywa medali zake kwa sababu ya vijisenti. Wa pili aliacha chuo ili aruhusiwe kuchuma. Tunawaleta hapa kwa sababu suala lililowakuta linagonga milango yetu sasa, Maskat, Dubai, Doha na kwengineko: mtoto wa skuli mwenye kipaji cha michezo, je, ana haki ya kufaidika na jina lake na sura yake?

Wa kwanza ni Jim Thorpe, Mhindi Mwekundu wa kabila la Sac na Fox, mwanafunzi wa skuli ya Carlisle, Pennsylvania, iliyoendeshwa na serikali ya Marekani. Stockholm alishinda mashindano mawili makubwa: pentathloni, yaani michezo mitano, na dekathloni, michezo kumi. Kwenye dekathloni alimwacha wa pili, Hugo Wieslander wa Sweden, kwa karibu pointi 700. Haukuwa ushindi wa kubahatisha.

Januari 1913 gazeti moja la Marekani likaandika kwamba Thorpe aliwahi kucheza besiboli ya kulipwa huko North Carolina, mwaka 1909 na 1910. Malipo yenyewe yalikuwa madogo. Kinachotajwa ni dola 35 kwa wiki hivi. Lakini kanuni za Olimpiki zilikuwa ni za wachezaji wa ridhaa tu, yaani wasiolipwa. Kanuni hizo hizo zilisema malalamiko yaletwe ndani ya siku 30, na siku 30 zilikwisha zamani. Hata hivyo, akavuliwa ubingwa na medali zikarudishwa.

Thorpe alijieleza kwa barua. Alisema wanafunzi wengi wa vyuo walikuwa wakicheza besiboli ya kulipwa wakati wa likizo, ila wao walitumia majina ya uongo. Yeye alitumia jina lake. Basi aliyesema ukweli ndiye aliyeadhibiwa, na waliojificha wakaendelea na michezo yao.

Sasa jiulize, nani alikuwa akifaidika na jina la Thorpe wakati huo? Timu ya mpira ya Carlisle ilikuwa ikijaza viwanja, na pesa za milango zilikwenda skuli. Kocha alilipwa. Mwaka 1914 kamati ya Bunge la Marekani iliichunguza skuli hiyo, na mfuko wa michezo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Kila mtu alikuwa na fungu lake isipokuwa yule aliyetoa jasho. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Haki ilichelewa sana. Thorpe alifariki 1953. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimrudishia ubingwa 1982, lakini wa kushirikiana. Ni mwaka 2022 tu ndipo ilipomtangaza kuwa bingwa peke yake. Na hapa lazima tuwape Waswidi sifa yao: familia ya Wieslander ilieleza kwamba mzee wao hakuikubali kamwe dhahabu ile, na siku zote aliamini kuwa mshindi ni Thorpe.

Mwanafunzi wa pili ni Armand Duplantis. Mama Mswidi, baba Mmarekani, amezaliwa na kulelewa Louisiana, na anaichezea Sweden. Mtoto wa nchi mbili, kama walivyo wengi wa watoto wetu. Mwaka 2018, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa Ulaya wa kuruka kwa upondo. Akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Alikaa mwaka mmoja tu, na katikati ya 2019 akaenda kwenye michezo ya kulipwa. Kwa kanuni za wakati ule, hakuweza kubaki kwenye timu ya chuo na huku anapokea pesa za mdhamini. Darasa na mkataba havikukaa nyumba moja. Juni 15, 2025, katika uwanja ule ule wa Stadion, aliruka mita 6.28 na kuweka rekodi ya dunia mbele ya watu wake.

Yeye alifanikiwa, tunampongeza. Lakini kanuni inayomlazimisha kijana wa miaka 19 kuchagua baina ya masomo na riziki yake si kanuni ya kulinda masomo. Ndiyo inayomtoa darasani.

Wamarekani wenyewe waliliona hilo, japo kwa kusukumwa na mahakama. Juni 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya mipaka iliyowekewa manufaa ya masomo ya wachezaji. Siku chache baadaye, Julai 1, chama hicho kikawaruhusu wanafunzi kupata pesa kwa majina na sura zao: matangazo, saini, fulana, video. Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano mengine yanayoruhusu chuo chenyewe kuwalipa wachezaji, kwa kikomo cha kama dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Msimamo wetu ni huu: ndiyo, mwanafunzi afaidike na jina lake. Jina alipewa na wazazi wake, sura amepewa na Mola wake, na kipaji amekikuza kwa kuamka alfajiri. Skuli inaweza kumwambia usicheze kwa malipo ukiwa kwenye timu yetu. Hayo ni masharti yake. Lakini haiwezi kumkataza kuuza picha yake na huku yenyewe inaibandika kwenye mabango ya kutafuta wanafunzi wapya. Ama wote mtosheke na ridhaa, ama wote mgawane.

Na hili si wazo geni. Sweden ina sheria tangu 1978 inayomkataza mfanyabiashara kutumia jina au picha ya mtu kwenye tangazo bila ya ridhaa yake. Sheria haimuulizi kama yeye ni nyota au muuza samaki. Oman nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme nambari 6 ya 2022, na inataka idhini ya mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Kwa hiyo mzazi, ukiona video ya mwanao inapita kwenye tangazo la chuo cha mpira au duka la viatu na hukuulizwa, usione ni heshima tu. Uliza.

Lakini tukishasema ndiyo, tusifumbe macho. Wanaopinga wana hoja, na hoja zao si za kupuuza.

Kwanza wanasema pesa zitawaharibu watoto, wataacha vitabu. Ni kweli kwamba kijana aliyeanza kulipwa kwa kukanyaga mpira huona hesabu ni kazi ya wengine. Lakini tumekwisha ona kwamba katazo nalo linawatoa watoto darasani, au linawafundisha kujificha kama wale wenzake Thorpe. Dawa ni kuufunga mkataba na masomo: alama zikishuka, kazi za matangazo zisimame. Mzazi ndiye mwenye kalamu, na anaweza kuliandika sharti hilo.

Pili, wanasema wachache watapata nyingi na wengi hawatapata kitu. Hili nalo ni kweli. Marekani sehemu kubwa ya pesa inakwenda kwa mpira wao wa miguu na kikapu cha wanaume. Mkimbiaji hapati hivyo. Na mkimbiaji akiwa ametoka kwetu Afrika Mashariki, hali ni ngumu zaidi. Viza ya mwanafunzi wa kigeni, inayoitwa F-1, inambana mno kwenye kazi za nje ya chuo, na matangazo yanahesabika ni kazi. Tazama Doris Lemngole, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Alabama. Alishinda ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo 2024, na Juni 2025 akakimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji chini ya dakika 9, jambo ambalo hakuna msichana wa chuo aliyewahi kulifanya. Mwenzake Mmarekani anaweza kusaini tangazo siku hiyo hiyo. Msichana wa viza lazima amtafute mwanasheria kwanza.

Na hili lina historia. Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake wala baada yake. Jina lake lilikuwa kwenye magazeti ya dunia nzima, lakini kwa kanuni za vyuo za siku zile hakuweza kulitumia jina hilo kujipatia chochote. Olimpiki za 1976 na 1980 zikampita kwa sababu Kenya ilisusia. Baadaye maisha yalimwendea vibaya Marekani, mpaka kukosa pa kulala. Alifariki Nairobi Februari 2024. Hatusemi kwamba pesa za matangazo zingemwokoa na kila kitu. Tunasema kwamba siku jina lake lilipokuwa na thamani, yeye hakuruhusiwa kuweka akiba.

Hoja ya tatu ndiyo inayotutia hofu sisi zaidi, na wala haihusu skuli. Inatuhusu sisi wazazi. Mtoto akianza kuleta pesa nyumbani, nani anazishika? Tuseme kweli, jamani. Wapo wenye nia njema wanaosema "mimi ndiye niliyemlea", na kabla mwaka haujaisha pesa zimekwisha kwenye gari na harusi ya binamu. Katika dini yetu mali ya mtoto ni amana kwa walii wake, na hurudishiwa anapofika umri na akili ya kuisimamia. Huko Sweden sheria inasema kijana akitimiza miaka 16 anatawala mwenyewe alichokichuma kwa kazi yake, na mali ya mtoto ikiwa kubwa, mzazi hutoa hesabu kwa ofisi ya serikali. Sisi tuliokuwa na mafundisho hayo karne nyingi kabla yao, isiwe tabu kufungua akaunti kwa jina la mtoto na kuiacha hapo.

Tena kuna mawakala. Mwaka 2022 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Florida, Gervon Dexter, alisaini mkataba akapewa dola 436,485. Kwa upande wake aliahidi kutoa asilimia 15 ya mapato yake ya ligi kuu ya NFL, kabla ya kodi, kwa miaka 25. Mwaka uliofuata alikwenda mahakamani kutaka mkataba ule ubatilishwe. Huyo ni kijana aliyekuwa chuo kikuu, katika nchi yenye mawakili kila pembe. Je, mtoto wa miaka 15 anayetumiwa ujumbe kwenye Instagram na mtu asiyemjua?

Basi mzazi, kabla hujaweka saini, shika mambo manne. Mkataba uwe wa mwaka mmoja, usifungwe mpaka mtoto anaota mvi. Usikubali asilimia ya kazi ya kesho kwa pesa ya leo. Pesa ziingie kwenye akaunti ya mtoto, si kwenye simu ya mjomba. Na mkataba usomwe na mwanasheria asiyelipwa na wakala, kwa lugha mnayoifahamu nyumbani.

Kwa skuli na vyuo vya michezo vya Ghuba tunasema hivi: andikeni sasa kanuni zenu, kabla ya kesi ya kwanza. Semeni wazi picha ya mwanafunzi itatumika wapi, kwa muda gani, na akitumiwa kwenye biashara atapata nini. Na kwa vyama vya michezo, msisubiri mahakama iwafundishe kama ilivyowafundisha Wamarekani.

Ilichukua miaka 110 mpaka jina la Thorpe likarudi peke yake kwenye orodha ya mabingwa wa Stockholm. Yeye hakuliona, na wanawe pia hawakuliona. Watoto wetu wasisubiri hivyo kupewa kilicho chao.