Mzee wa Baraza Naye Ana Moyo

Mtu akishindwa kesi, jambo la kwanza tunalosema ni kwamba hakimu amekula rushwa. Mara nyingine ni kweli. Lakini mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya yule ambaye hakupokea hata shilingi moja, na bado mizani yake imelala upande mmoja kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa.

Nchini kwetu hatuna wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi huko Uingereza na Marekani. Sisi tulikuwa na wazee wa baraza. Kwa miaka mingi hakimu wa mahakama ya mwanzo aliketi na wazee wasiopungua wawili, na kura ya kila mzee ilikuwa sawa na yake. Wazee wawili wakikubaliana, hakimu alishindwa. Mpango huo ulikuwa na maana. Hakimu aliyehamishiwa Korogwe kutoka mkoa wa mbali angejuaje kwamba kwa desturi Wasambaa hufuata ukoo wa baba, na Wazigua wa Handeni hufuata upande wa mama? Mzee alijua. Ila mzee huyo huyo alijua pia mdai ni mtoto wa nani, na kwamba mama aliyesimama mbele yake aliwahi kumjibu mume wake hadharani.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na sasa hakimu wa mahakama ya mwanzo huketi bila wazee. Je, upendeleo nao umeondoka? Hatudhani. Hakimu naye amelelewa katika nyumba fulani, akasikia yanayosemwa juu ya wanawake.

Tukumbuke shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu. Walipoachana, Bi. Hawa aliomba sehemu ya nyumba. Mahakama ya mwanzo ilimwona kuwa mke tu. Nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume, basi hana chake. Hakuna aliyedai kwamba palikuwa na hongo. Lilikuwa wazo ambalo watu wengi waliamka nalo kila asubuhi: kupika, kufua na kulea si kazi. Mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wa Mahakama ya Rufani walisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakupata kitu, maana mume aliwahi kumpa fedha za biashara naye akazitapanya. Lakini wake wengi waliokuja baada yake walipata.

Na sisi je? Katika baraza la kata, ambalo siku hizi husuluhisha tu migogoro ya ardhi, sheria inataka wajumbe watatu wawe wanawake. Tuseme anakuja mjane wa ndoa ya pili, hakujaliwa mtoto, anadai shamba la marehemu huko Mkata. Kweli tutamsikiliza, au tutakuwa tumeshaamua tangu tulipoona khanga yake mpya? Tunakiri kwamba sisi wanawake tunaweza kuwa wakali kuliko wazee wa kiume. Binti za Selofehadi walipodai urithi wa baba yao, Musa hakujibu kwa alivyozoea. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana kwanza, nao wakapewa haki.

Wazee bado wapo katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hutoa maoni, na mwenyekiti akiyakataa lazima aeleze sababu. Basi mama, ukiona mzee ana shamba linalopakana na hilo mnalogombea, au hakimu ni shemeji wa mwenzako, sema mapema, mbele ya wote, kabla ushahidi haujaanza. Si utovu wa adabu. Ila useme jambo linaloonekana. Kumkataa hakimu kwa sababu ya kabila lake tu hakutakusaidia. Na ukishindwa katika mahakama ya mwanzo, usikae nyumbani ukilalamika kwa majirani: una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, nazo huhesabiwa hata kama ni msimu wa palizi.